Folda ya Marlène

Katika picha ile Fortunée alikuwa amesimama mbele ya geti la shule, soksi zimevutwa mpaka magotini, anaiangalia kamera na kucheka. Mama yake, Goretti, aliipiga mwenyewe asubuhi ile. Jioni akaiweka kwenye seva ya nyumbani, ndani ya folda ya Fortunée, kisha akainakili na kuitia ndani ya folda ya Marlène, kama alivyofanya kwa kila picha. Alipoifungua ile nakala ili ahakikishe, mtoto hakuwa akiangalia kamera. Alikuwa amegeuza shingo pembeni, kama mtu aliyeitwa.

Goretti alifungua picha ya kwanza tena. Macho mbele, kicheko. Akarudi kwenye nakala. Shingo pembeni.

Akafunga kompyuta, akaenda kupika.

Fortunée na Marlène walizaliwa mapacha, na Wakongo wote wa Birmingham walimwita Goretti Mama Mapasa, mama wa mapacha, hata wale waliomkuta dukani Ladypool Road akinunua ndizi. Marlène alifariki katika baridi ya mwaka 2005 kwa homa ya uti wa mgongo, akiwa na miaka mitano. Lakini neno hilo halikusemwa. Kwao Uvira, Goretti alikua akijua kwamba pacha hasemwi kuwa amekufa. Husemwa amekwenda kuokota kuni. Wala haliliwi, maana ukimlilia aliyeondoka, aliyebaki husikia na kumfuata. Na kinachopewa mmoja lazima apewe mwingine, ili asione wivu huko aliko.

Basi walimzika kimya. Watu wa kanisa walisimama kaburini wameuma midomo, kisha wakarudi makwao. Goretti aliendelea kununua magauni mawili mawili, mpaka kabati likajaa nguo zisizovaliwa. Valère, mumewe, alipoleta ile seva, sanduku jeusi lenye diski mbili ndani yake, Goretti aliona amepata njia. Picha hazijazi kabati. Akafungua folda mbili, moja ya kila mtoto, na kila alichompa Fortunée akampa na Marlène. Siku ya kuzaliwa, jino lililong'oka, baiskeli. Folda ya mtoto aliyekuwa kaburini ikawa inakua sawasawa na ya aliye hai.

Siku chache baada ya picha ile ya geti, sauti ilianza. Seva ilikaa katika kabati la chini ya ngazi, pamoja na viatu na fagio. Ilitoa mlio mdogo mkavu, ka, ka, ka, kama mtu anayebangua karanga bila haraka. Halafu ikaja harufu ya udongo uliolowa. Na Fortunée akaanza kulalamika.

"Mama, miguu yangu baridi."

"Vaa soksi."

"Nimevaa mbili."

Goretti alipofungua picha za Fortunée alikuta zimeharibika chini. Utepe wa kijivu ulikuwa umefunika viatu vyake katika kila picha, hata za zamani. Valère akampigia simu Rupesh, fundi wa Stratford Road aliyewauzia sanduku lile.

Rupesh alikuja Jumamosi alasiri, mwezi wa kumi na mbili, jua limeshazama kabla watu hawajanywa chai. Alikuwa mzaliwa wa Mombasa na Kiswahili chake kilikuwa na utani mwingi.

"Mama Mapasa, umeiweka kando ya viatu vya Baba? Hata mimi ningeugua!"

"Tengeneza, Rupesh," Valère alisema. "Viatu vyangu viache."

Sebuleni alikuwepo pia Magdalene, dada mkubwa wa Valère, aliyekuja kutoka Ladywood kwa basi na sufuria ya sombe, majani ya muhogo, mapajani. Fortunée alilala kwenye kochi, amefunikwa blanketi.

Rupesh aliitoa seva, akaiweka juu ya meza na kuifungua. "Tazama. Diski hizi mbili zinaandika kitu kimoja. Moja ikiharibika, nyingine bado inayo yote. Hii ya chini ndiyo mgonjwa. Naitoa, naweka mpya, halafu hii nzima inaijazia. Mkimaliza kula na mimi nimemaliza."

Akaitoa diski ya chini, akaingiza mpya, akaanzisha kazi. Taa ya kijani ikawaka. Magdalene akapakua chakula. Kwa muda mfupi nyumba ilikuwa kama nyumba nyingine yoyote ya mtaa wao wa Hodge Hill yenye wageni.

Ka, ka, ka.

Rupesh aliinamisha sikio juu ya sanduku, kisha akaacha kutafuna. Sauti haikutoka ndani ya sanduku. Ilitoka kwenye ile diski aliyoitoa, iliyokuwa pembeni ya sahani yake, haina waya wala umeme.

"Hii haiwezekani," alinong'ona, na kwa mara ya kwanza hakuongeza utani.

Goretti alivuta kompyuta akafungua folda ya Fortunée. Kijivu kilikuwa kimepanda. Kilikuwa magotini.

"Mama," Fortunée akaita kutoka kochini, "siisikii miguu yangu."

Valère alitupa blanketi pembeni na kuikamata miguu ya mwanawe, akaisugua, akaifinya, na mtoto akawa anamtazama tu kama anayefinywa ni mtu mwingine. Goretti akafungua folda ya Marlène. Humo hakukuwa na kijivu hata kidogo. Picha zote ziling'aa, na mwishoni kulikuwa na picha ambazo hakuna aliyezipiga: kochi lile, blanketi lile, kisogo cha Fortunée kikionekana kwa karibu sana, kwa kimo cha mtoto aliyesimama nyuma yake.

Kisha katika kabati la chini ya ngazi, ambamo sasa hakukuwa na kitu ila viatu na fagio, mtoto alisema kwa upole:

"Mama. Na mimi?"

Goretti aliijua sauti ile kabla haijamaliza. Ndivyo Marlène alivyosema kila pacha wake alipopewa kitu, andazi, busu, chochote, na sasa mwili wa Goretti ukainuka wenyewe, mikono ikanyooka, na maziwa yaliyokauka zamani yakamchoma kifuani kana kwamba mtoto amelia kitandani, akapiga hatua kuelekea ngazini huku harufu ya udongo ikimjaa kinywani na kijivu kikipanda mapajani mwa mtoto kwenye kioo cha kompyuta, na midomo ya Goretti ilikuwa imeshafunguka kuitikia.

"Mama Mapasa, usiitikie!" Magdalene alimshika kiuno.

"Ni Marlène, wifi. Ni sauti yake."

"Sauti ni yake. Mwenyewe siye. Marlène alikuwa akimpa mwenzake nusu ya andazi lake. Huyu anamla."

"Kwetu Mombasa hili lingeitwa jini," Rupesh alisema taratibu, "na hakuna ambaye angenicheka." Vidole vyake vilitembea juu ya kompyuta. Aliifuta folda ya Marlène. Ikatoweka. Ikarudi. Aliifuta tena, ikarudi ikiwa kubwa zaidi. Akang'oa waya ukutani, na taa ya kijani ikaendelea kuwaka.

"Umelilisha," Magdalene alimwambia Goretti sikioni. "Ulipeleka chakula kwa jina la mtoto, na mtoto hayuko pale kukipokea. Likaja lisilo na jina, likala. Sasa picha hazilitoshi, linamtaka mtoto mwenyewe." Sauti yake ikavunjika. "Na mimi ndiye niliyekukataza kulia. Nilisimama kaburini nikakuziba mdomo kwa mkono wangu."

"Mama, na mimi?" likasema kabatini, karibu zaidi na mlango.

Rupesh aligeuka. "Kuna njia moja. Nifute diski zote tatu, hata hii niliyoitoa, mwanzo mpaka mwisho. Kila kitu. Hakutabaki kitu humu."

"Video ya Marlène akiimba kanisani," alisema Goretti. "Iko humo."

"Mna nakala pengine?"

Valère alitikisa kichwa. Picha za Marlène, sauti yake, kicheko chake, vyote vilikuwa ndani ya sanduku lile. Kijivu kilikuwa tumboni mwa Fortunée, na mtoto alikuwa ameanza kuvuta pumzi fupi fupi.

Goretti alijitoa mikononi mwa wifi yake. Akaenda mpaka kwenye mlango wa kabati, akapiga magoti. Chini ya mlango palipita baridi, na kivuli cha miguu miwili midogo.

"Mwanangu Marlène alikufa," alisema. Neno lilimtoka kama mfupa uliokwama. "Alikufa mikononi mwangu, tukamzika. Hahitaji gauni. Hahitaji picha. Wewe sikujui, na sina kitu cha kukupa."

Kivuli hakikusogea.

"Futa," akasema bila kugeuka. "Rupesh, futa."

Rupesh aliichomeka na ile diski aliyoitoa, akabonyeza. Nyuma ya mlango kitu kilianza kulia, kwa sauti ya mtoto, kikimwita mama, kikiomba msamaha, kikisema kitakuwa na adabu. Goretti alikaa pale pale, paji la uso kwenye mbao, akasikiliza kilio kile mpaka mwisho, kikififia kadiri diski zilivyofutwa, akijua kwamba sauti ile hataisikia tena duniani. Hakuitikia.

Kulipokuwa kimya, alisikia Fortunée akisema, "Baba, unanitekenya miguu."

Valère alimkumbatia mwanawe. Kisha akatoka nje kwenye baridi na kumpigia simu mzee wa kanisa. Wote wakamsikia kupitia dirishani: "Ndiyo, mzee. Tuna msiba. Najua ni miaka miwili. Waambie waje walie."

Walikuja jioni ile ile, kutoka Sparkbrook na Ladywood, na viti vya kukunja na masufuria ya wali. Wanawake waliingia wakiomboleza tangu mlangoni, na hakuna aliyewaziba midomo. Fortunée aliketi katikati yao akilia kwa mdomo wazi. Rupesh alibaki, akisaidia kugawa chai.

Kisha mzee wa kanisa akaomba, kama inavyofanywa kwenye msiba, mwenye mtoto aeleze ugonjwa ulivyokuwa. Goretti akafuta uso kwa kitenge chake, akamvuta Fortunée mapajani.

"Ilikuwa siku ya Jumapili," alianza. "Aliamka akaniambia kichwa kinamuuma."