Hoteli Aliyoiacha Kamene

Jambo la mwisho la kawaida lilikuwa chai. Sidi aliweka kikombe juu ya kompyuta, Mbuvi akamwonya, naye akacheka.

"Jumapili ukija Kombani kwa baba, kaka Mbuvi, usiwaonye wazee hivyo. Hawatakupa mke, nami nitabaki kwetu."

Ilikuwa mwaka 1998, katika ofisi ya nyuma ya hoteli moja pale Diani. Mbuvi alitunza kompyuta. Sidi alikuwa mpya katika kazi ya mapokezi, na mchana ule alikuwa aanze kujifunza. Hoteli ilikuwa na hifadhidata mbili: ya kweli, yenye wageni waliolala vyumbani, na ya majaribio, yenye wageni wa kubuni. Mstari mmoja katika faili la mipangilio uliiambia mashine ifungue ipi. Mbuvi aliubadilisha kwenye mashine ya Sidi, ili makosa yake yasimguse mgeni yeyote wa kweli.

Wageni wale wa kubuni walitungwa na Kamene, marehemu mke wa Mbuvi, alipokuwa mapokezi.

"Mbona umeniandika humu?" Sidi aliuliza.

Chumba cha saba. Mgeni: Sidi. Kuondoka: Jumapili. Aliyeingiza: Kamene.

Mbuvi alilifuta jina. Likarudi. Akaurudisha mstari kwenye hifadhidata ya kweli, akahifadhi, akaizima mashine na kuiwasha; mstari ukasomeka majaribio. Na ingawa feni ilizunguka na dirisha lilikuwa wazi, hewa ilianza kujaa harufu ya mafuta ya nazi yaliyotiwa asumini, yale aliyopaka Kamene nywele zake kila asubuhi, na nyuma yao, kwenye meza isiyokaliwa tangu azikwe, vitufe vikawa vinabonyezwa kimoja kimoja, bila haraka, kama na mtu anayejua kwamba hakuna atakayemwondoa.

Kichwa cha Sidi kilivutwa nyuma.

"Nywele zangu," alinong'ona. "Nguo za mkeo ulizigawa?"

"Zote. Hata viatu."

"Na hii hoteli yake?"

Mbuvi aliitazama skrini.

"Kwetu nyumba ya marehemu haiachwi na vyombo vyake, kila kimoja mahali pake. Jini huingia, akajifanya ndiye marehemu mwenyewe."

"Sidi, mimi ni mtu wa kanisa."

"Basi yeye hajaambiwa. Muulize anachotaka, Mbuvi. Upesi!"

Akauliza kwa Kikamba, kwa sauti ya chini aliyozungumza na mkewe chumbani. Vitufe vilinyamaza. Kwenye skrini jina la Sidi lilifutika herufi moja baada ya nyingine, na mahali pake pakaandikwa Mbuvi. Penye kuondoka hapakuandikwa kitu.

Sidi aliachiliwa. Alishika shingo yake, akatweta.

"Ifute yote. Hoteli yake nzima."

Kidole cha Mbuvi kilikuwa tayari kwenye kitufe cha kufuta. Harufu ile ilikuwa karibu na shavu lake.

"Kesho," alisema.

"Kumbe si yeye tu asiyetaka kuachwa," Sidi alisema, akachukua mkoba wake.

Asubuhi iliyofuata Mbuvi aliwatangulia watu wote kazini. Aliirudisha mashine ya Sidi kwenye hifadhidata ya kweli, akaijaribu. Safari hii mstari ulikaa. Akampigia simu babake Sidi, akamwamkia shikamoo, akaomba radhi kwamba Jumapili hatafika. Kisha akafunga mlango, akaketi mbele ya mashine yake mwenyewe, na kwa mkono wake akaandika mstari wa majaribio, ule uliofungua hoteli ya Kamene.