Springi Iliyokuwa Imeshakaa

Saa nne na robo asubuhi, mke wa dereva wa ambulensi alimkuta mumewe amelala chali bandani, pembeni ya gari lao, paji la uso limepasuka. Kando yake palikuwa na springi yenye damu.

"Imemrukia hiyo," mdogo wa marehemu alimwambia inspekta, mwanamke aliyelelewa na baba fundi magari. "Alikuwa anaibana aikalishe."

Mjane alimtaja jirani; jana walitupiana maneno kwa kelele za nyundo. Lakini jirani alikuwa kazini tangu saa moja, na wenzake wanne walithibitisha.

Inspekta akarudi bandani, akainamia meza ya kazi. Springi mpya ilikuwa tayari kwenye shokapu: ncha ya chini imegota kwenye kituo chake, raba ya juu imelala sawasawa, nati imekazwa. Vibanio vya kuikandamiza springi vilikuwa vimeshafunguliwa.

"Hii imeshakaa, haimrukii mtu," alisema. "Yenye damu ni ile ya zamani, imevunjika ncha. Ikishatolewa garini haina nguvu yoyote. Mtu aliinyanyua."

Kisha akaonyesha kipande cha gauni jekundu, kimelowa grisi. "Nimekitoa mfukoni mwa marehemu. Ijumaa kuna mama mwenye gauni kama hili aligongwa, dereva akakimbia. Gari hili lilikuwa na nani?"

"Na kaka," alijibu yule mdogo mtu.

"Ijumaa mume wangu alikuwa zamu," mjane alisema polepole. "Ndiye aliyembeba yule mama hospitali. Akamfia njiani. Gari ulilichukua wewe, shemeji."

Shemeji akakaa chini kwenye saruji.

"Alikikuta kimenasa kwenye springi, akakitambua palepale," alisema. "Akanipa mpaka saa sita nijipeleke polisi. Nikamwambia, kaka, damu nzito kuliko maji. Akasema hata yule mama alikuwa na damu. Akanigeuzia mgongo, akaendelea kukaza nati. Nikamwita. Alipogeuka, nikampiga."

"Alikufa hapo hapo?" mjane aliuliza.

Shemeji akafuta viganja kwenye suruali.

"Nakuuliza, shemeji."

"Nilimwacha anapumua."



"Nilikuwa jikoni," mjane alisema. "Ukaja, ukanawa mikono, ukaniomba chai. Nikakumiminia."

Inspekta akatoa pingu.