Mama Asiguswe

Jumamosi, saa nne asubuhi. Mtaa wa Umbilo, Durban.

Peguy alichora duka kwa kidole kwenye vumbi la kioo kilicholazwa mezani. Mlango. Kaunta. Stoo. Walikuwa watatu katika chumba cha nyuma cha saluni, dirisha limezibwa kwa kadibodi.

"Zamani tulivunja usiku," alisema Peguy. "Sasa kila duka iko na alamu, iko na walinzi wenye silaha wa kuja na gari. Kwa hiyo tunaingia mchana, na mwenye duka mwenyewe anatufungulia. Hata wale wezi wa Isipingo wanafanya hivyo sasa."

"Wawili wa Isipingo wako mochwari," alisema Prodige, dereva.

"Walipiga kelele. Sisi hatupigi."

Ramani ile ilitoka kichwani mwa Salvator, yule wa tatu. Ndiye aliyewaambia kwamba simu mpya hazikai kwenye kabati la kioo. Zinafichwa stoo, ndani ya maboksi ya nywele bandia. Alijua kwa sababu aliwahi kulala katika stoo ile, alipofika kutoka Bujumbura hana kitu. Mwenye duka, Mama Joséphine, alimpa godoro na sahani, akamtafutia kazi ya kunyoa. Wakati wa fujo za kuwapiga wageni alimfungia humo, akasimama mlangoni peke yake. Sasa Salvator alitaka gari la kufanyia teksi. Alijaribu kutafuta sababu nyingine, iliyo bora zaidi. Hakuipata.

"Mama asiguswe," alisema.

"Eish, mukubwa," Prodige akacheka. "Unaiba huku unaomba baraka?"

"Nasema asiguswe."

"Hataguswa," alisema Peguy. "Weye utavaa soksi ya uso, na mdomo yako ifungwe. Sauti yako anaijua. Ukikohoa tu, tumekwisha."

Saa nane na dakika hamsini. Katikati ya jiji.

Prodige aliegesha gari hatua chache kabla ya robot, taa za barabarani, injini ikinguruma. Peguy alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi. Alibonyeza kengele ya geti, akatabasamu.

"Bonjour, mama. Natafuta chaja."

Geti likalia, likafunguka. Peguy akaingia. Salvator akamfuata, soksi ameshaivuta hadi shingoni. Dukani hamkuwa na mteja. Peguy akatoa bastola.

"Funguo ya stoo. Pole pole."

Mama Joséphine alikuwa mwanamke mfupi, miwani yake imefungwa kwa uzi. Hakupiga kelele. Alitoa funguo kwenye mfuko wa aproni, akamnyooshea aliyekuwa karibu naye zaidi. Aliyekuwa karibu ni Salvator.

Akazipokea. Mkono wa kulia ulitangulia. Wa kushoto ukaushika ule wa kulia chini ya kiwiko, na kichwa kikainama kidogo. Ndivyo mtoto wa Kirundi anavyofundishwa kupokea kitu kutoka kwa mkubwa wake, hata kabla hajajua kusema vizuri. Walikuwa wamefikiria uso na sauti. Mikono hakuna aliyeifikiria.

Mama aliitazama mikono ile. Kisha akayatazama macho kwenye matundu ya soksi.

"Mwanangu," alisema taratibu, "weye ni Mrundi."

Salvator akageuka, akafungua stoo. Maboksi yalikuwa palepale. Alipasua, akajaza mabegi mawili, akatoka nayo bila kuinua kichwa.

"Amekujua," alisema Peguy.

Salvator akatikisa kichwa.

"Usinidanganye. Leo amejua kabila. Warundi wangapi Durban hii wanajua simu ziko ndani ya nywele? Kesho kanisani atafikiri. Jumatatu atakuwa na jina. Ukishikwa weye, na mimi nashikwa." Akachomoa bastola ya pili kiunoni, ndogo, akamtia mkononi. "Weye ndiye ulituleta hapa. Maliza. Mimi nabeba mizigo."

Akabeba mabegi, akatoka nje.

Hoja ya Peguy haikuwa na kasoro. Salvator aliipitia mara moja, akaiona imekamilika. Mama Joséphine alikuwa amefumba macho, midomo inacheza bila sauti.

Nyuma ya geti kulikuwa na mlango wa bati unaoshushwa kwa mnyororo. Salvator aliuvuta mnyororo kwa nguvu zake zote. Bati likaporomoka hadi sakafuni. Akatia kufuli kwa ndani.

Saa tisa na dakika mbili.

Kwa nje, ngumi ziliangukia bati.

"Salva! Unafanya nini? Salva, fungua!"

Kisha risasi tatu.

Barabarani watu walipiga mayowe. Tairi zikalia, Prodige hakungoja robot, wala hakumngoja Peguy. Miguu ya mtu mmoja ikakimbia ikielekea sokoni. Mwanga ulipenya kwenye matundu matatu ya bati.

Mama Joséphine alikuwa ameketi sakafuni, mgongo kwenye kaunta. Aproni ilikuwa inalowa kwenye paja.

Salvator aliitupa bastola, akapiga magoti, akakandamiza kidonda kwa mkono mtupu. Damu ilipita katikati ya vidole. Kama angetoka na Peguy na kumwacha mama hai nyuma yao, pengine wangekuwa wamegombana garini tu, mbali na hapa. Alikuwa ameufunga mlango ili kumwokoa, na risasi ilipitia katika mlango huo.

Mama aliinua mkono, akaivuta ile soksi usoni mwake.

"Salvator."

"Ndiyo, mama."

"Walikulazimisha."

Hakuwa anauliza. Ving'ora vilisikika, vinakaribia.

"Nitawaambia polisi," alisema, pumzi zinakatika. "Walikukamata njiani, wakakutisha. Mlango umefunga weye, wataona. Si ndivyo? Sema ndiyo, mwanangu."

Neno moja lingetosha. Peguy alikuwa amekimbia, Prodige amekimbia, na hakuna mtu Durban nzima ambaye angebishana na mwanamke huyu.

"Hapana, mama," alisema Salvator. "Maboksi niliwaonyesha mimi. Niliwatafuta mimi."

Nje, gari lilisimama, na mtu akaanza kugonga bati akiamuru wafungue. Mama Joséphine akaushika mkono wa Salvator, akausukuma mbali na kidonda, akakikandamiza mwenyewe.