Verna Aliyezama Mara Tatu kwa Wiki

Haya ninayoyaandika ni kweli tupu, na anayebisha aje anikunje shati. Ijumaa iliyopita niliyasimulia dukani kwa Tantie Eudine, shangazi wa kila mtu hapa Gouyave, kisiwani kwetu, nikaweka chupa ya ramu juu ya kaunta na kuapa mbele ya watu: mkinikamata na uongo, hata wa ukubwa wa punje ya pilipili, chupa ni yenu. Mwenye kisa, Osbert Cadore, alikuwepo, kwenye benchi la karibu na mlango, kofia magotini. Basi nikaanza.

Miaka mingi iliyopita Osbert alikuwa kijana wa miaka thelathini, mrefu, shati jeupe limepigwa pasi mpaka mikono imesimama kama ubao. Alikuwa na gari la abiria kumi na wanne, la kijani, ubavuni limeandikwa "Bila Papara". Meli za watalii zikitia nanga St. George's asubuhi, yeye huwapakia akawapeleka kwenye maporomoko, akapanda nao mlimani hadi ziwa lililojaa kwenye kinywa cha volkano iliyolala, akashuka kwenye mashamba ya kakao, akamalizia kaskazini, Sauteurs, kwenye jabali ambalo wenyeji wa kale walijirusha baharini wasije wakakamatwa na Wafaransa.

Siku moja meli zilikuwa mbili na soko limefurika. Osbert akarudisha gari nyuma. Kraaa! Kitu kikapondeka chini ya gurudumu.

"We mwanaume! Huna macho ya nyuma?"

Akaruka chini. Binti amesimama mikono kiunoni, kilemba cha njano kichwani, blauzi nyeupe ya mabega wazi, sketi ya marinda, vazi la wauza viungo siku za meli. Shingoni mikufu ya kungumanga zilizotungwa kwa uzi. Kapu lake limekuwa chapati.

"Samahani, bibie. Breki zangu..."

"Breki zako zimefanya nini? Zimenipenda?"

"Zina macho mazuri, hizo."

"Basi zikaninunulie kungumanga nyingine. Na mimi nakwenda nazo, nisije nikaletewa zilizooza."

Ndivyo Verna Lestrade alivyopanda kiti cha mbele bila kualikwa. Kila kituo akajipa kazi: akapasua kungumanga, akawaonyesha watalii basibasi nyekundu iliyoikumbatia kokwa, akapitisha mdalasini wanuse. Ziwani ukungu ulishuka, kima akamnyang'anya mtalii mmoja ndizi na kuimenya mbele yake kwa dharau, Verna akacheka mpaka kilemba kikalegea. Osbert akasahau hotuba yake yote ya volkano.

"Mbona umemeza ulimi, doudou?" Verna akamtania. Doudou, wapenzi tu ndio huitana hivyo.

"Nangoja uniambie na mimi nikuiteje."

"Niite Verna. Kwa sasa."

Mwaka haukuisha wakawa wachumba. Verna akafungua kibanda kwao Sauteurs, pale pale jabalini, na kila safari ya Osbert ikawa inaishia kwenye bilauri ya ukwaju mkononi mwa mtu wake. Harusi ikapangwa baada ya Pasaka. Nyumba ilikuwa imesimama, imebaki paa tu.

Hapo ndipo dereva mmoja mzee, jina lake halina haja, alipomvuta pembeni.

"Mwanangu, watalii wamechoka na historia. Wape msiba. Mtalii akilia, mkono haukai mfukoni."

Osbert akalifikiria paa. Jumanne iliyofuata akasimamisha gari ukingoni mwa ziwa, akavua kofia, akatoa kungumanga moja na kuitupa majini.

"Hapa," akasema, sauti ikitetemeka, "ndipo Verna wangu alipozama, wiki moja kabla ya harusi yetu."

Akina mama wakatoa leso. Mzee mmoja akamkumbatia kama mwanawe. Tangu hapo Verna akawa anazama mara tatu kwa wiki, na mabati yakaanza kupanda juu ya nyumba.

Tatizo ni kwamba marehemu alikuwa hai, na kibanda chake kiko njiani. Osbert akawa anapita jabalini mbio bila kusimama, mara anageuzia gari mbali kabisa. Simu za Verna zikaanza, kwenye simu hii ya Tantie Eudine, mbele ya kila aliyekuja kununua mkate.

"Osbert, wiki ya tatu hii husimami."

"Mvua, doudou. Barabara imekatika."

"Mimi nimekaa kando ya barabara hiyo hiyo. Imekatikia wapi, kichwani mwako?"

"Nikwambie nini, mpenzi..."

"Niambie jina la huyo mwanamke."

"Hakuna mwanamke, naapa!"

"Basi mbona unaongea kama umekwamwa na mfupa?"

Siku ya siku, tairi likapasuka hatua hamsini tu kutoka jabalini. Bibi mmoja wa Kizungu, kofia ya ukindu kichwani, akajikongoja mpaka kibandani, akachagua mkufu na kumuuliza muuzaji jina lake.

"Verna."

Machozi yakamlenga yule bibi. "Masikini dereva wetu! Ndilo jina la mchumba wake aliyezama ziwani. Tafadhali usimwambie unaitwa hivyo, utamtonesha kidonda."

Verna akafuta mikono kwenye aproni. Akatembea polepole hadi garini, Osbert akiwa amechuchumaa na spana, akaingiza kichwa dirishani.

"Hamjambo, mabibi na mabwana. Marehemu ni mimi."

Watalii wakacheka, wakidhani ni sehemu ya ziara. Osbert hakucheka. Verna hakupiga kelele, na hilo ndilo lililomtisha.

"Verna, ni maneno tu. Ni kwa ajili ya paa letu."

"Mama yangu kila adhuhuri hukaa na redio, kitambaa mdomoni, akisikiliza vifo vinavyosomwa, anamwomba Mungu lisitajwe jina la mtu wake. Wewe langu umelisoma mara tatu kwa wiki. Kwa mabati, Osbert?"

"Nisamehe, doudou."

"Marehemu hasamehi. Amekufa."

Kabla ya Pasaka akapanda ndege kwenda Brooklyn kwa shangazi yake.

Osbert akauacha uongo. Ziwani akawa anasema kina cha maji, aina za ndege, tabia za kima, basi. Hakuna aliyelia. Nyumba ikabaki na nusu ya paa, mvua ikinyesha sebuleni. Alimwandikia Verna barua kumi na moja. Mwaka wa pili ukielekea mwisho, simu ya Tantie Eudine ikalia, Osbert yuko pale ananunua kibiriti.

"Huyo dereva wa marehemu yupo?"

Njiti zikamwagika sakafuni. "Verna?"

"Bado unaua watu?"

"Nimeacha. Siku hizi nachosha kweli kweli, watalii wanasinzia."

Verna akacheka. Kicheko kilikuwa kile kile cha ziwani, ila kilikatika katikati, kikageuka kikohozi.

"Unaumwa?"

"Baridi ya huku. Sikiliza. Jumamosi ya wiki ijayo nakuja. Uje na gari tupu. Nataka unizungushe kisiwa kizima kama mtalii, na ziwani usimame. Kuna neno nataka kukwambia pale, kwa mdomo wa mtu aliye hai."

"Niambie sasa."

"Utangoja, doudou."

Osbert akaliosha gari mara mbili kwa siku. Akaezeka nusu ya paa iliyobaki. Akatunga mkufu wa kungumanga na kuutundika kwenye kioo. Na Jumamosi ndege ikatua, Verna akashuka na kilemba chake cha njano, wakapita maporomoko, wakapanda mlimani, ukungu ukawafunika. Verna akatupa kungumanga majini akasema, "Huyo wa ziwani sasa amezama kweli. Mimi nimekusamehe." Wakaoana, na mvua haikuingia tena sebuleni.

Hapo nikanyamaza, nikanyoosha mkono kuichukua chupa yangu.

"Iache," akasema Tantie Eudine.

"Kwa nini, Tantie?"

"Kwa sababu redio yangu iko juu ya rafu hii toka enzi hizo. Ijumaa, siku moja kabla ya ndege yako, nilikuwa nakata mkate nikasikia wanasoma: Verna Lestrade, wa Sauteurs, amefariki Brooklyn. Kifua. Kashuka kwenye ndege ipi? Na huyo dereva mzee, mbona unamfichia jina? Si wewe?"

Duka lote likanigeukia. Nikaangalia viatu vyangu.

"Ni mimi," nikasema.

Ndipo Osbert akaongea, macho kwenye kofia yake.

"Mimi Ijumaa hiyo nilikuwa ziwani, na watu kumi na wanne. Redio ya gari nimeifungulia, nikasikia jina lake. Nikashuka, nikakaa kwenye majani, nikalia. Nao habari zangu walikuwa nazo. Wenzao wa meli za miaka ya nyuma walishawasimulia kwamba kuna dereva ziwani analia vizuri sana." Akaigeuza kofia chini juu. "Wakapita mmoja mmoja, wakaniwekea noti humu. Kisha wakapiga makofi."

Nikaisukuma chupa upande wao. Tantie Eudine akaifungua, Osbert akaipokea, akamwaga kidogo kizingitini kwa ajili ya aliyetangulia. Glasi ya kwanza akanipa mimi. Alikunywa yake kwa mkupuo, akavaa kofia, akasimama mlangoni.

"Ijumaa ijayo uisimulie tena," akaniambia. "Uape vile vile. Na ashuke kwenye ndege."

Kisha akamgeukia mwenye duka.

"Na wewe, Tantie, usimkatize."