Darasa la Ndiyo

Kiigizi kilikohoa mara moja, kikatema mwanga, sebule nzima ikajaa watoto. Walikaa juu ya makochi, juu ya meza ya chakula, na mmoja kichwa chake kilizama ndani ya friji wala hakujali. Wote na sare zao, wote wa mwanga mtupu. Ukimshika mmoja, mkono unapita.

"Shikamoo mwalimuuu!"

"Marahaba. Kaeni," alisema Sekela, ingawa walishakaa.

Kesho yake alikuwa na usaili. Kazi yenyewe ni kufundisha hesabu Mwezini, shule ya watoto wa wachimbaji. Nafasi ilikuwa moja tu, na walioiomba walitoka dunia nzima. Huku Mbeya mashine ndizo zilizokuwa zinafundisha siku hizi. Mwalimu kazi yake kuziwasha asubuhi na kuzizima mchana, kama taa za varanda. Mwezini bado walitaka mtu. Sekela akikosa hii, ndiyo basi, atawasha na kuzima mpaka astaafu.

Ndiyo maana akaazima kiigizi. Mashine hii ililishwa picha za madarasa halisi ya miaka mingi, kwa hiyo watoto wake walipiga miayo na kukunana migongo kama watoto wa kweli.

Sekela akafundisha sehemu. Theluthi ni kubwa kuliko robo, na sababu ni hii na hii. Akamaliza, akafuta jasho.

"Tumeelewa?"

"Ndiyoooo!"

"Mia kwa mia," kiigizi kikatangaza. "Hongera, mwalimu."

Sekela akaruka juu, akacheza kidogo peke yake.

"Mimi sijaelewa," ikasema sauti kutoka kwenye kochi.

Alikuwa Ambokile, mdogo wake, fundi wa bodaanga, zile pikipiki za kuruka. Amelala chali, mikono ina grisi, anakula chapati, na mtoto mmoja wa mwanga amemkalia tumboni.

"Nani kakuuliza wewe?"

"Si umesema 'tumeelewa'? Na mimi nimo humu ndani. Nne ni kubwa kuliko tatu. Sasa robo inakuwaje ndogo?"

Sekela akaeleza tena. Ambokile akatikisa kichwa. Sekela akachora hewani kwa kalamu ya mwanga. Ambokile akatikisa kichwa.

"Wewe unanikomoa!"

"Dada, nikikudanganya itakusaidia nini?"

Sekela akamnyang'anya chapati.

"We! Chakula changu hicho!"

"Nyamaza. Meza hii ina watu watatu na chapati moja. Meza ile ina watu wanne na chapati moja. Una njaa. Unakaa wapi?"

"Kwenye watatu. Mimi mjinga?" Halafu Ambokile akakaa wima, mtoto wa mwanga akabaki anaelea. "Ala! Kumbe ni hivyo tu? Miaka yote hii!"

Wakacheka mpaka Sekela akashika mbavu na kumrudishia chapati yake. Alipopumua akauliza, "Sasa shuleni ulikuwa unajibu nini?"

"Ndiyo. Kama wenzangu. Ukisema hapana, darasa zima linageuka kukutazama. Nilisema ndiyo mpaka la sita, dada. Siku moja nikaona kwa nini nijisumbue, nikaenda gereji."

Aliyasema anatafuna, kama anaongelea mvua ya jana. Ila Sekela aliacha kucheka. Aliwatazama wale watoto, mikono juu ya magoti, wanasubiri waulizwe ili waitikie. Waliwahi kuwa watoto wa kweli hawa. Wangapi kati yao walikuwa kina Ambokile?

Akakizima kiigizi.

"Na mazoezi je?"

"Utakuwa darasa langu wewe. Na ole wako uniambie ndiyo."

Mpaka jua linazama Ambokile alikataa kuelewa kila kitu, na alifurahia kweli.

Asubuhi Sekela aliweka kinong'onezi sikioni, kile kidude cha kutafsiri, akakaa mbele ya kioo cha kuongea na Mwezini. Wakatokea wasaili wawili na mkuu wa shule, bibi mwenye nywele nyeupe. Wakamleta mwanafunzi, binti anaitwa Tomoe, mzaliwa wa hukohuko.

"Mfundishe chochote," alisema mkuu.

Sekela akafundisha robo na theluthi. Akauliza kama ameelewa. Neno huchukua kitambo kwenda Mwezini na kurudi, kwa hiyo wakasubiri.

"Ndiyo, mwalimu," alisema Tomoe, anatabasamu vizuri sana.

Wasaili wakaanza kukusanya vitu vyao. Sekela alilijua lile tabasamu. Lilikuwa limejaa sebuleni kwake jana.

"Ngojeni kwanza. Tomoe mwanangu, mimi nina mdogo wangu fundi, kichwa kigumu kama jiwe. Hebu mweleze yeye."

Tomoe akafungua mdomo. Akaufunga. Akamtazama mkuu wa shule, kisha akasema polepole, "Kusema kweli, sijaelewa."

"Safi sana!" Sekela akapiga makofi matatu. "Sasa tumeanza somo. Huko mnakula chapati?"

Kicheko kilichelewa kidogo kufika, kama vitu vyote vya Mwezini, lakini kilifika. Mkuu wa shule alikuwa anafuta macho. "Wote waliokutangulia walipokea ile ndiyo wakashukuru," alisema. "Unaweza kuja lini?"

Siku ya safari ukoo mzima ulijaa kituo cha roketi, na vigelegele juu. Sekela akasimama ngazini na kofia yake ya anga kwapani.

"Nitapiga simu kila Jumapili, ila saa za kule si za huku, kwa hiyo hesabuni vizuri. Mmeelewa?"

"Ndiyoooo!" ukoo ukaitikia.

Kule nyuma mkono wenye grisi ukanyooka juu.

"Mimi sijaelewa!"

Watu wote wakageuka kumtazama. Ambokile hakuushusha mkono.

Sekela akaweka kofia chini, akaanza kushuka ngazi. Roketi ikasubiri.