Okito wa Karatasi ya Parokia

Wajukuu, tegueni hiki: anasema na watu elfu, mdomo hana, na Jumanne unamkuta sokoni amekumbatia karanga. Nani? Mumeshindwa. Ni karatasi ya parokia, ile ya matangazo ya Jumapili.

Mwaka ule serikali ilipokataza majina ya ubatizo ya Kizungu, msichana Zawadi, karani wa parokia, njo aliipiga kwa mashini ya kuandika, hapa Kindu. Kurasa nne kila wiki, vidole vyeusi kwa wino. Na watu walitoka nayo kanisani mkononi wakiuliza, "Kesho misa iko saa ngapi?" Alichoka kabisa. Siku moja sokoni mama muuzaji akamfungia karanga ndani ya karatasi yake mwenyewe. Hata kikwembe chake kipya, kitenge cha manjano, hakikumpoza.

"Mama, hata haukuisoma!"

Nyuma yake kijana mmoja mfanyakazi wa reli, suti yake ya abakosti imenyooka, akacheka.

"Sitwayeni, raia mwenzangu, atasoma nini? Mahubiri ya Padri kurasa tatu, saa ya misa imejificha chini kama panya. Weka mbele kile watu wanatafuta: misa, matanga, ndoa. Na ufupishe!"

"Na weye nani, askofu?"

"Okito, wa Alunguli. Askofu haoi. Miye nataka kuoa."

Zawadi akafupisha. Ukurasa mmoja tu, na watu wakausoma kweli. Okito naye akawa anamngoja kila Jumamosi mlangoni pa ofisi ya parokia.

"Sheri, mpenzi wangu, jina langu utalipiga lini kando ya lako?"

Zawadi akaona haya, akainamia mashini. "Niache nifanye kazi."

Okito akasafiri na treni wiki mbili. Huku nyuma Padri, aliyefundishwa na Zawadi kuandika kifupi, akaleta tangazo la ndoa: "Okito na Mapendo." Basi. Zawadi akalipiga akilia, akapasua stensili mbili, zile karatasi za nta za kupigia.

Okito aliporudi, hakusalimiwa.

"Zawadi wangu, kuna nini?"

"Nenda kwa Mapendo wako! Nimekutangaza Jumapili mbili, kwa mikono yangu hii!"

Okito akasoma karatasi, akashika kichwa. "Kumbe njo sababu mama yangu amenikasirikia tangu jana! Huyu ni Okito wa Tunda, tuliyemwita Anaclet. Miye ni Isidore! Serikali imekata jina la ubatizo, na weye umekata jina la baba, umekata kijiji!"

"Si weye ulisema nifupishe?"

"Nilisema mahubiri! Si miye!"

Zawadi akaingiza stensili mpya, akagonga herufi kwa hasira: Okito wa Tunda. Halafu vidole vikasimama.

Okito akavuta kiti. "Swali langu liko palepale, sheri."

"Jumapili hii," Zawadi akasema bila kugeuka. "Mustari wa kwanza, juu ya saa za misa. Na uniandikie hapa jina la baba yako lote, na Alunguli yako. Sitaki siku ya harusi yangu aje yule wa Tunda."