Metali Zilizohamia Kulia

Kila siku Hadiya alisoma mara mbili. Asubuhi alitoka Bondeni kwenda shule ya kati, na alasiri alikaa chuoni, madrasa ya mtaani kwao, akiandika Kiarabu kutoka kulia kwenda kushoto. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba mazoea hayo mawili yangeweza kugombana.

Mwaka huo wa 1956, mkaguzi wa shule alituma habari kwamba angefika Nakuru siku ya Ijumaa. Mwalimu Masinde, ambaye aliamini kuwa wakaguzi hupenda vitu vikubwa vilivyotundikwa ukutani, alimpa Hadiya kitabu chake na karatasi ngumu yenye upana wa dirisha. Alimtaka achore jedwali la elementi, kwa kuwa mwandiko wake ulikuwa bora kuliko wa darasa zima, na wa mwalimu pia.

Owuor alipewa kazi ya kulieleza mbele ya mgeni. Alikariri wiki nzima: metali, kama chuma, shaba na bati, zimekaa kushoto na katikati, zisizo metali, kama oksijeni na salfa, zimejibana kwenye pembe ya juu kulia, na hidrojeni peke yake imekaa kushoto, miongoni mwa metali, bila kuwa metali.

Alhamisi walifanya mazoezi ya maelezo hayo. Owuor alinyoosha mkono kushoto bila kutazama, kama mtu anayeonyesha njia ya kwao.

"Hizi hapa ni metali," alisema.

Kidole chake kilikuwa juu ya salfa.

"Labda kwenu majembe hufuliwa kwa salfa," Nanyama alisema kutoka dawati la nyuma. Darasa likacheka.

"Mwalimu, ulisema kushoto," Owuor alijitetea.

"Nilisema pia usome. Kaa chini. Kesho ataeleza Nanyama."

Owuor alikaa, akainamisha kichwa. Baba yake, fundi wa reli, alikuwa ameomba ruhusa kazini ili aje amsikie.

Hadiya alilitazama jedwali, kisha kitabu. Alikuwa ameanza kuchora kwenye ukingo wa kulia, kama alivyoanza kila ukurasa chuoni. Kila elementi ilikuwa na jirani yake halisi, ila mtaa mzima ulikuwa umegeuzwa. Hakuna mwingine aliyegundua. Angenyamaza, mwandiko wake ungeendelea kusifiwa.

Alisimama. "Mwalimu, Owuor hakukosea. Mimi ndiye niliyezihamisha metali. Nilianzia kulia, kama chuoni."

Mwalimu Masinde alifungua kitabu, akalitazama jedwali kwa muda wa kutosha kukumbuka kwamba yeye mwenyewe alilitundika bila kulikagua.

"Basi tuligeuze," Nanyama alisema.

"Nyuma ni karatasi tupu," Owuor alimjibu. "Mkaguzi atasoma nini?"

"Hiyo tupu ndiyo tunayoitaka," Hadiya alisema.

Alasiri hiyo Owuor alishika rula, Nanyama akasoma majina, naye Hadiya akaanzia kushoto. Ijumaa Owuor, aliyerudishiwa kazi yake, alieleza yote, hata ugeni wa hidrojeni, huku baba yake akisikiliza dirishani na kuitikia kwa kichwa kila metali aliyoifahamu.

Mgeni alipoondoka, mwalimu alimwomba Owuor radhi mbele ya darasa, jambo ambalo halikuwa kwenye ratiba.

"Salfa haiumii ikiwekwa mahali pa chuma," alisema. "Mtu huumia akiwekwa mahali pa kosa lisilo lake. Hadiya alimtoa hapo kwa kusema kweli, ingawa hakuna aliyemuuliza. Kuuliza kulikuwa kazi yangu, nami sikuifanya."